Je, Wajua? Panya Chini ya Ngozi

Je, wajua kwamba mtu akitunisha mkono, Warumi waliona panya? Kwa Kilatini mus ni panya, na musculus, yaani msuli, ni kipanya. Wagiriki walikuwa wamewatangulia: neno lao mys lilikuwa panya na msuli kwa pamoja.

Biceps maana yake ni "mwenye vichwa viwili", kwa kuwa msuli huo huanzia kwenye mifupa kwa mizizi miwili. Wanaonyanyua vyuma wanaujua wa mkononi tu. Nyuma ya paja upo mwingine wenye jina hilohilo. Triceps ana vitatu, quadriceps vinne.

Msuli mrefu kuliko yote mwilini huitwa sartorius, kutokana na sartor, fundi wa kushona nguo. Unatoka nyongani, unakatiza paja kwa mshazari na kushukia upande wa ndani wa goti. Mafundi wa Ulaya ya zamani walishona wakiwa wamekunja miguu, na huo ndio msuli unaosaidia kuikunja hivyo. Kaa ukunje nne: umeutumia.

Je, wajua kwamba Wagiriki waliweka tumbo mguuni? Gastrocnemius ni gaster, tumbo, na kneme, mguu chini ya goti. Sisi palepale tumeweka shavu: shavu la mguu. Nadhani sisi tumeona vizuri zaidi. Chini yake umelala soleus, kutoka solea, ambayo kwa Warumi ilikuwa kubadhi na pia samaki bapa.

Begani kuna herufi. Deltoid imepewa jina la delta, herufi ya Kigiriki yenye pembe tatu. Kiganjani kuna nyungunyungu wanne, lumbricales, misuli myembamba inayosaidia kukunja vidole. Shavuni yupo buccinator, mpiga tarumbeta, anayebana hewa mdomoni.

Na sikioni? Stapedius, mdogo kuliko misuli yote inayoshika mifupa, una urefu wa milimita 6 hivi. Umeitwa kwa kikuku cha kupandia farasi, stapes. Ajabu ni kwamba Warumi wa kale walipanda farasi bila vikuku. Neno hilo ni Kilatini cha Zama za Kati.

Je, wajua kwamba hata bingwa wa anatomia Andreas Vesalius, katika kitabu chake kikubwa cha 1543, misuli mingi aliitaja kwa namba tu? Majina mengi yalienezwa baadaye na kina Gaspard Bauhin wa Basel. Kisha yakazidi mno. Mwaka 1895 wanaanatomia walikutana mjini humohumo wakapunguza majina ya sehemu za mwili kutoka 50,000 hivi hadi 5,000 hivi.

Hawakuwa wakali vya kutosha. Msuli mmoja kando ya pua bado unaitwa levator labii superioris alaeque nasi, "mwinua mdomo wa juu na bawa la pua". Kazi yake unaijua: ndio unaobetua mdomo ukimdharau mtu.

Risorius ni "wa kucheka", lakini watu wengine wamezaliwa bila huo na wanacheka vizuri tu. Kazi kubwa ya kuinua pembe za mdomo hufanywa na zygomaticus, ambao jina lake limetokana na nira ya ng'ombe.