Kukosoa si kukomoa

Wakati wa likizo ya Agosti nilirauka alfajiri, nikapanda kilima kimoja karibu na Nunguni, katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni, ili nipige picha ya macheo. Ukungu ulikuwa umetanda bondeni, na jua lilipochomoza mbingu iliwaka mithili ya makaa. Nilishuka nikiamini kwamba nimepata picha isiyo na kifani.

Wenzangu chuoni walinijibu kwa neno moja tu: "Nzuri!" Nami nikavimba kichwa. Waama, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bali ajuza mmoja, jirani yetu ambaye kwa heshima tunamwita susu, yaani nyanya, aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, jua nimeliona. Matuta yetu yako wapi?"

"Susu, palikuwa na giza," nilijitetea.

"Mbona hukungoja?"

Nilinuna. Hata hivyo, nilipoitazama tena niliona kwamba ardhi yote ilikuwa nyeusi tititi. Ni vigumu kwa kamera kuushika mwangaza mkali wa mbingu pamoja na kiza cha bonde kwa wakati mmoja. Mpiga picha hana budi kuchagua kimoja, au asubiri miale iguse miteremko. Mimi nilikuwa nimechagua mbingu pasipo kujua kwamba nachagua.

Na kilichopotea si kitu kidogo. Mnamo 1937 zilipigwa picha zilizoonyesha jinsi mmomonyoko wa udongo ulivyoiharibu wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Kilungu. Zaidi ya nusu karne baadaye mahali palepale palipigwa picha tena. Katika kitabu chao cha 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizilinganisha, wakaonyesha kwamba watu waliongezeka ilhali mmomonyoko ulipungua. Sababu moja kuu ni matuta yaliyochimbwa kwa jembe na jasho, hasa yale ya "fanya juu", ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko. Hata wataalamu waandikao kwa Kiingereza huyaita kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Susu ni miongoni mwa waliochimba. Picha yangu ilikuwa imemfuta.

Ndipo nilipoyakumbuka maneno ambayo huyafundisha kila mwaka. "Maoni" hutokana na kitenzi kuona. Asiyetazama hana maoni. "Kuhakiki" kuna mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa neno haki. Na "kukosoa" ni kutendua kosa, jinsi kufungua kulivyo kutendua kufunga. Anayelitaja kosa kisha akaenda zake hajakosoa bado. Susu aliyatimiza yote matatu: alianza na alichokiona, akadai haki ya kilichoachwa, kisha akanionyesha njia, yaani kungoja.

Je, sisi walimu hufanya hivyo? Nakiri kwamba miaka kadhaa iliyopita niliijaza wino mwekundu insha ya mwanafunzi mmoja, pasipo kumwambia ni wapi iliponigusa. Insha yake iliyofuata ilikuwa ukurasa mmoja tu, haina kosa, wala haina uhai. Nilidhani nimemkosoa, kumbe nimemkomoa. Lakini pia yule tunayemwandikia "vizuri" bila kuisoma kazi yake tunamnyima haki, kwa kuwa sifa ya bure haimwonyeshi njia.

Nawe mwanafunzi, unapokosolewa usikimbilie kujitetea kama nilivyofanya. Rudi kwanza ukaitazame kazi yako. Ukiona kwamba mkosoaji amekosea, mjibu kwa hoja. Ukiona kwamba amesema kweli, shukuru, kisha utengeneze.

Nilirudi kileleni siku nyingine, nikangoja jua lipande kidogo. Picha ya pili haina moto mwingi angani, lakini matuta yanaonekana moja baada ya jingine hadi bondeni. Susu aliligusa moja kwa kidole, akatabasamu.

"Hili ni letu," akasema. Kisha akaigeuza picha kidogo mkononi. "Lakini mbona mlima umeinama?"

Nimeanza kupanga safari ya tatu.