Kaniki, Kanga na Tabia ya Nili

Mtu afuapo kaniki mpya iliyotiwa nili huona maji yakigeuka rangi, na akiivaa katika jua na jasho huiona rangi hiyo hiyo ikimwachia alama mwilini. Wengi hudhani kwamba huo ni ubovu wa kiwanda. Sivyo. Asili yake ni tabia ya nili yenyewe, na tabia hiyo ina sehemu yake katika historia ya mavazi ya pwani ya Afrika Mashariki, zama ambazo mtu aliweza kutambuliwa kuwa mtumwa au muungwana kwa kutazamwa nguo yake tu.

Msingi wa kaniki ulikuwa merikani, yaani kitambaa cha pamba kizito kisichopaushwa. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikawa zikiteremsha majora ya kitambaa hicho Unguja na kupakia pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Haikupita miaka mingi kitambaa kikapewa jina la nchi kilikotoka, na huko bara kikawa ni fedha. Mikono minne iliitwa shuka na mikono minane doti, na kwa vipimo hivyo misafara ilinunua chakula na kulipa hongo njiani.

Kwa nini merikani ilipendwa kuliko vitambaa vya Uingereza? Jibu limo katika wanga. Nyuzi za mtande hazina budi kupakwa wanga kabla ya kufumwa, ama sivyo hukatika kwa kusuguliwa na mshindio unaopita na kurudi. Hilo ni jambo la lazima katika ufumaji wa mashine. Lakini viwanda vingi vya Uingereza vya karne ya 19 vilipita kiasi. Vilichanganya wanga na udongo mweupe laini, ule utumikao kutengenezea vyombo vya kauri, hata kitambaa chepesi kikawa kizito mkononi mwa mnunuzi. Kilipofuliwa, wanga na udongo vilikwenda na maji, na mwenye nguo akabakiwa na kitu kilichokaribia kuwa chandarua. Merikani ilifuliwa ikabaki merikani. Mnunuzi wa Tabora hakuhitaji maabara ili kuitambua tofauti hiyo. Ndoo moja ya maji ilimtosha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliadimisha pamba na kupandisha bei. Nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na Waingereza, na baadaye na viwanda vya Bombay. Jina, hata hivyo, halikubadilika: kitambaa kilichofumwa Bombay kiliendelea kuuzwa kwa jina la merikani.

Merikani ikitiwa nili huwa kaniki. Kazi hiyo ni ya ajabu kidogo, kwa kuwa nili haiyeyuki katika maji. Mtiaji rangi wa zamani aliiweka katika pipa pamoja na chokaa au magadi na vitu vinavyochacha. Uchachukaji huo huigeuza nili kuwa katika hali nyingine inayoyeyuka, yenye rangi ya manjano inayoelekea kijani. Kitambaa huchovywa humo na kutolewa kikiwa hakina dalili yoyote ya buluu. Kisha hewa hukipiga, oksijeni huirejesha nili katika hali yake ya kwanza, na buluu hujitokeza polepole mbele ya macho ya mtazamaji. Chembe za nili hubaki zimenaswa katika nyuzi, lakini hazikufungamana na pamba kikemia. Ndiyo maana husuguka na kutoka. Ili kupata ule weusi wa kaniki, kitambaa huchovywa mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, na tabaka la juu kabisa ndilo la kwanza kuacha.

Huko Unguja, katika karne ya 19, nguo hiyo ya bei nafuu isiyoonyesha uchafu ndiyo aliyopewa mwanamke mtumwa. Aliifunga chini ya makwapa, mabegani hana kitu. Mwanamume mtumwa alivaa shuka ya merikani kiunoni, kichwa wazi, miguu mitupu. Kofia, viatu na kanzu vilikuwa vya waungwana.

Kanga ilizaliwa katika mji huo huo. Kwa mapokeo ya Unguja na Mombasa, wanawake walinunua leso, vitambaa vya mkononi ambavyo jina lake lilitokana na Kireno, na badala ya kuzikata moja moja waliziunga sita kuwa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyopigwa chapa nzima nzima, yenye pindo pande zote na mji katikati. Moja ya nakshi za mwanzo ilikuwa ya madoadoa mithili ya manyoya ya ndege kanga, na jina likashika. Ingawa Mombasa mpaka leo wengi husema leso.

Hapa rangi tena ina neno. Mwaka 1868 wanakemia wa Ujerumani Graebe na Liebermann walifaulu kutengeneza alizarini, rangi nyekundu ambayo hapo awali ilipatikana katika mizizi ya mmea. Alizarini haikai juu juu kama nili. Pamba ikitayarishwa kwanza kwa shabu au chumvi nyingine ya alumini, rangi hiyo hufungamana na madini hayo ndani ya uzi, na sabuni haiwezi kuitoa kwa urahisi. Nguo nyekundu zilizofulika bila kuchuja zikawa rahisi kutengenezwa kwa wingi, na bei yake ikaanza kufikiwa na watu wengi zaidi.

Mwaka 1897 yalitokea mambo mawili yasiyohusiana hata kidogo. Kiwanda cha BASF cha Ujerumani kilianza kuuza nili iliyotengenezwa kikemia, na mashamba ya nili ya Bengal yakaingia katika anguko lake. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Sultani wa Unguja alitoa amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria. Amri hiyo haikumfungua kila mtu kwa siku moja: mtumwa alipaswa kwenda kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje hadi 1909. Hivyo kaniki ilipata nili rahisi zaidi wakati ule ule ambapo waliolazimika kuivaa walianza kuivua. Wanawake waliopata uhuru walinunua kanga, doti kwa doti, moja ya kujifunga na moja ya kujifunika mabega na kichwa. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wapo walioyaita hayo majivuno na ubadhirifu wa watu maskini. Hukumu hiyo ni ya mtu ambaye hakupata kukatazwa kujifunika kichwa.

Mahitaji hayo yaliwatesa wafanyabiashara. Nakshi ilichorwa Unguja au Mombasa, ikapelekwa Ulaya, ikachongwa, ikapigwa chapa na kurudishwa kwa meli. Miezi ikapita, na mara nyingine mzigo ulipofika wanawake walikwisha kuichoka nakshi ile. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaongezwa maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa Kilatini. Upigaji chapa wenyewe ulihamahama, Uingereza, Uholanzi, India, Japani, hadi 1968 kilipofunguliwa kiwanda cha Urafiki Dar es Salaam kwa msaada wa China.

Kaniki nayo haikutoweka. Ilibaki vazi la jembe na la kazi za uchafu, na waganga wameiweka kati ya vifaa vyao. Kisutu, kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ndiyo iliyoingia katika sanduku la bibi harusi.