Giligili si Kimiminika: Istilahi katika Kazi ya Mwanahisabati wa Bukoba

Mfasiri atakaye kueleza kwa Kiswahili kazi ya mwanahisabati hana budi kuchagua istilahi kwa uangalifu, kwani akikosea ile ya kwanza, maelezo yote hupotoka. Mfano wetu ni Profesa Verdiana Masanja, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati.

Alipata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, na ya uzamili mwaka 1981. Uzamivu aliupata mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Baadaye alifundisha Dar es Salaam na Rwanda. Tasnifu zake za 1981 na 1986 zahusu mwendo wa giligili ndani ya bomba.

Giligili ni kitu chochote kiwezacho kutiririka. Wengi huandika “kimiminika”, nalo ni kosa: gesi ni giligili, lakini si kimiminika.

Istilahi ya pili ni mnato, yaani ukinzani wa giligili dhidi ya kutiririka. Katika usemi wa kila siku twasema “uji mzito”, lakini katika fizikia uzito ni jambo jingine. Mafuta ya kula huelea juu ya maji kwa kuwa ni mepesi, ilhali mnato wake ni mkubwa kuliko wa maji. Tena, mnato wa maji haubadiliki kwa kukorogwa. Wa uji hupungua. Giligili alizochunguza Profesa Masanja, kama uji, hazifuati kanuni sahili ya Newton.

Ya tatu ni kukokotoa. Kuhesabu chaweza kuwa kutaja idadi tu. Kukokotoa ni kuzitumia namba kwa kufuata kanuni mpaka jibu lipatikane. Milinganyo mingi ya giligili haitatuliki kwa fomula moja, hivyo hukokotolewa hatua kwa hatua, kwa kawaida kwa kompyuta. Tasnifu ya 1986 ilikuwa ya ukokotoaji wa namna hiyo.

Katika shule nyingi za msingi za serikali, mtoto wa Bukoba au Muleba hujifunza hisabati kwa Kiswahili. Afikapo sekondari hukutana na Kiingereza. Tukimchanganyia istilahi, atadhani kwamba lugha yake haiwezi kubeba kazi ya mtu wa kwao. Lugha yaweza, wajibu wetu ni kuweka kila istilahi mahali pake.