Mnyoo Aliyesafiri na Mkunga

Ndugu mkulima, ikiwa umewahi kununua ng'ombe wa gredi kutoka shamba safi na kumleta mahali penye kupe wengi, habari hii haitakuwa ngeni kwako. Ndama wa kienyeji aliyezaliwa pale pale hupata ndigana, hudhoofika, na mara nyingi huinuka tena. Yule wa gredi, akikosa josho na dawa, aweza kufa katika muda wa wiki chache. Kupe ni wale wale na ugonjwa ni ule ule, lakini mmoja amezoeana na adui yake tangu enzi za babu zake, na mwingine hajapata kukutana naye. Samaki mmoja wa Ulaya amepatwa na jambo kama hilo kwa njia iliyo kinyume: yeye hakuhama kwao, bali ugonjwa ndio uliopelekwa mpaka mlangoni pake.

Samaki huyo ni mkunga. Sisemi mkunga wa kuzalisha akina mama, bali yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye utelezi. Ndugu zake wako hapa kwetu pia, katika mto Tana na mto Athi, nao hupanda kutoka baharini mpaka mbali sana bara.

Maisha ya mkunga ni ya ajabu. Huzaliwa baharini, hukua mtoni au ziwani kwa miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa mara moja tu, na kufa. Mkunga wa Ulaya huenda kuzaa katika Bahari ya Sargasso, upande wa pili wa Atlantiki, safari ya zaidi ya maili 3,000. Mtaalamu wa Denmark, Johannes Schmidt, alianza kuwatafuta mikunga wachanga baharini mwaka 1904, akafuata wale wadogo zaidi na zaidi mpaka akafika huko. Hata hivyo, mpaka leo hakuna mtu aliyewaona wakizaa.

Katika safari hiyo mkunga hali chakula. Tumbo lake hunywea, naye huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Usiku hupanda juu zaidi, na mchana huzama chini mamia ya mita, siku baada ya siku. Kazi hiyo ya kupanda na kushuka haiwezekani vizuri bila mfuko wa hewa ulio ndani ya mwili wake. Watu wa Ziwa Victoria wanaujua mfuko huo kwa mbuta, maana huutoa wakaukausha na kuuuza kwa bei nzuri. Basi, hapo hasa ndipo mnyoo tunayemtaja alipochagua kukaa.

Wataalamu humwita Anguillicola crassus. Kwao ni Asia ya Mashariki, katika mkunga wa Japani. Urefu wake ni sentimita chache, naye hunyonya damu katika kuta za mfuko wa hewa. Jike hutaga mayai kwa maelfu mengi. Wachanga hupita katika mrija uendao tumboni, hutoka na mavi, huanguka majini. Huko humezwa na vidudu vidogo sana vya jamii ya kamba, na vidudu hivyo huliwa na mkunga, au na samaki mwingine mdogo ambaye baadaye huliwa na mkunga. Mnyoo mchanga hutoboa utumbo na kuufuata mfuko wa hewa. Mwenye kufuga mbuzi ataona kwamba njia za minyoo zafanana kila mahali: hutoka na mavi, hurudi na chakula.

Mkunga wa Japani huwaua wengi wa wageni hao mwilini mwake, na hao wanaobaki humsumbua kidogo tu. Mkunga wa Ulaya hana kinga kama hiyo. Mnyoo alionekana Ujerumani mwaka 1982, akiwa amekuja na mikunga hai walioletwa kwa biashara kutoka Asia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Watu walikuwa wananunua na kuuza samaki, na maji ya kusafirishia yakamwagwa. Katika muda wa miaka kama kumi tu alikuwa ameenea sehemu kubwa ya Ulaya, na kabla ya mwaka 2000 alikuwa amekwisha kuonekana Marekani.

Mkunga aliyeshikwa sana, kuta za mfuko wake huwa nene na ngumu, zenye makovu, na hewa ndani hupungua. Mtoni huonekana mzima, hula na kunenepa, nawe ukimvua hutamshuku mpaka umpasue. Hasara yenyewe yahofiwa kuwa baharini, ambako hakuna wa kumtazama. Wakati mwingine, lakini, huonekana hata ziwani. Katika Ziwa Balaton la Hungaria, ambalo watu walikuwa wamelipandikiza mikunga wengi, walikufa kwa tani nyingi sana katika kiangazi cha mwaka 1991. Wengine walitaja dawa iliyopulizwa kuua mbu, lakini mifuko ya hewa ya mizoga ilikuwa imejaa minyoo.

Hapa pana jambo litakalomgusa mkulima. Mikunga wanaofugwa katika mabwawa ya Ulaya hawazalishwi humo. Kila mmoja wao ni mbegu iliyovuliwa ikiwa changa, ing'aayo kama kioo, mara iingiapo kutoka baharini. Mbegu hiyo imepungua kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100 tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Mnyoo si mkosaji peke yake, maana kuna mabwawa makubwa yaliyoziba mito, uchafu wa viwanda na uvuvi wa kupita kiasi. Lakini mfugaji asiye na mbegu yake mwenyewe hawezi kudharau hata mmoja wa wakosaji hao. Mwaka 2008 mkunga wa Ulaya aliandikwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Dawa ya levamisole, ile ile unayowapa kondoo wako, imejaribiwa katika matangi ya kufugia na huua minyoo. Mto mzima hauwezi kunyweshwa dawa.

Mnyoo huyu amekwisha kupatikana katika kisiwa cha Réunion, upande wa mashariki wa Madagaska, ndani ya mikunga wa jamii zile zile zipandazo mito ya Afrika Mashariki. Basi wewe uliyechimba bwawa, nunua vifaranga kwa mzalishaji anayetambuliwa na Idara ya Uvuvi, wala usipokee samaki hai kutoka mto mwingine kwa sababu tu ni wa bure. Usimwage mtoni maji uliyosafirishia samaki. Wavu ulioazima kwa jirani uanike juani mpaka ukauke kabisa kabla ya kuutia katika maji yako. Na ukimpasua mkunga ukakuta minyoo myeusi katika mfuko wa hewa, usiutupe majini matumbo yake. Utie mfuko huo katika chupa yenye spiriti, andika mto na tarehe, umpelekee afisa wa uvuvi wa eneo lako.