Likizo na Safari ya Afya

Msafiri wa likizo ya kawaida huwa sultani wa nafsi yake, hula atakacho na hulala apendapo. Lakini yule aendaye Bad Wörishofen, mji mdogo wa Ujerumani ambako kasisi Sebastian Kneipp, aliyefariki mwaka 1897, alipata umaarufu kwa tiba yake ya maji, huikabidhi hiari yake kwa ratiba: asubuhi humiminiwa maji baridi miguuni, kisha hutembea pekupeku penye umande, hula chakula chepesi, na hulala mapema. Tofauti iliyopo ni nidhamu, nayo, kwa rai yangu, yaishinda fahari ya hoteli yoyote. Mwenye maradhi ya moyo na ashauriane na tabibu wake kabla ya kuyaingia maji hayo.