Waitaliani na Mnara wa Kengele

Watu wengi hudhani ya kuwa Waitaliani ni taifa la kale, maana mji wa Roma ni wa kale na habari zake zasomwa katika Biblia. Lakini dola ya Italia ni changa. Ilianza mwaka wa 1861, Vittorio Emanuele II alipotangazwa kuwa mfalme, na Roma yenyewe iliingia mwaka wa 1870. Kabla ya hapo nchi ilikuwa imegawanyika, kila sehemu na mtawala wake na sheria zake. Mtu wa Venezia na mtu wa Sicilia, kila mmoja aliposema lugha ya kwao, hawakusikilizana.

Hiyo ndiyo asili ya tabia moja ambayo mgeni huiona upesi. Kila mji na kila kijiji kina kanisa lake, na kanisa lina mnara wa kengele, uitwao kampanile. Zamani kengele hiyo iliwaita wakulima kwenye ibada, na iliwapa habari ya moto na ya msiba. Basi Waitaliani wana neno lao, kampanilismo, maana yake kuupenda mnara wa kwenu kuliko minara mingine yote.

Katika mji wa Siena mapenzi hayo huonekana wazi. Mji una mitaa 17, na kila mtaa una bendera yake na kanisa lake dogo. Mara mbili kila mwaka, tarehe 2 Julai na 16 Agosti, mitaa 10 hushindana kwa farasi katika uwanja mkubwa, nao wapandaji hawatumii matandiko. Kabla ya mashindano farasi huingizwa kanisani akabarikiwa. Mtaa ukishinda, watu hulia kwa furaha.

Hata kwa chakula hujulikana mtu atokako. Watu wa Toscana huoka mkate usiotiwa chumvi. Watu wa Napoli husifu piza yao. Huko kaskazini chakula cha maskini kilikuwa polenta, nayo ni ugali wa mahindi, uliosongwa kwa mti katika sufuria ya shaba na kumwagwa juu ya ubao. Watu wa kusini waliwadhihaki wa kaskazini kwa kuwaita walaji wa ugali.

Lakini habari ya polenta ina huzuni, na yafaa walimu waijue. Katika karne ya 19 wakulima wengi wa Veneto na Lombardia hawakuwa na kitoweo. Walikula ugali mtupu, bila maziwa, nyama wala maharagwe, wakapatwa na ugonjwa wa pelagra: ngozi hubabuka, tumbo huhara, na mwisho akili hupotea. Umaskini uliwafukuza watu katika nchi yao. Tangu 1876 hata 1915 Waitaliani kama milioni 14 walisafiri kwenda Amerika na nchi nyingine za Ulaya. Huko ugenini watu wa kijiji kimoja walikaa pamoja, lakini wenyeji hawakujua tofauti ya Napoli na Sicilia, wakawaita wote Waitaliani. Hivyo wengi walilifahamu taifa lao wakiwa mbali nalo.

Mapenzi ya kwao yana ubaya wake pia. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wa kusini walikwenda Torino kufanya kazi viwandani, wakakuta matangazo ya kuwakataza kupanga nyumba kwa sababu ya kwao tu. Waliokuwa raia wa dola moja walitendeana kama wageni.

Nasi tuna alama ya Waitaliani karibu. Mateka wa vita waliojenga barabara ishukayo katika Bonde la Ufa, nchini Kenya, walijenga kando yake kanisa dogo mwaka wa 1942, nalo lingalipo. Walikuwa mbali na kwao, wakataka mahali pafananapo na kwao.

Methali yetu husema, Mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli, na Waitaliani wameishika. Lakini habari za Torino zatuonya ya kwamba mwenye kupenda kwao hana ruhusa ya kumfungia mlango mtu wa kwingine. Wakubwa na walimu na wawafundishe watoto yote mawili pamoja.