Kihisi Kinacholala: Kuunda na Kutumia Ubao wa Kupimia Mvua Marafa

Utangulizi

Msafiri atokaye Malindi kuelekea kaskazini huvuka mto Sabaki, akaingia Magarini na hatimaye akafika Marafa. Hapo ardhi imepasuka ikawa korongo lenye kuta za rangi nyeupe, waridi na nyekundu. Wenyeji Wagiriama hupaita Nyari. Simulizi za hapo husema kwamba paliishi matajiri waliooga maziwa badala ya maji, hata ardhi ikawameza kwa israfu yao. Wataalamu wa miamba nao hueleza kuwa ni mvua na upepo vilivyoumega mchanga huo kwa muda mrefu. Mvua hiyohiyo ndiyo inayootesha mahindi na mihogo ya wakulima wa jirani, na inapochelewa wao ndio wanaolala njaa. Hivyo basi, kujua ni kiasi gani cha mvua kimenyesha, wapi na lini, si anasa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ubao mdogo wa vihisi visivyo na waya, unaotumia umeme kidogo, unavyoweza kuundwa na kutumiwa kupimia mvua katika mahali kama Marafa. Aidha, yatajadili kwa ufupi suala linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili: maelekezo ya kifaa hiki yaandikwe kwa maneno gani ili mtu anayekaa nacho aweze kukitunza?

Upimaji wa kutumia redio si mgeni Magarini. Tarehe 12 Desemba 1970, setelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Ngomeni. Ilikuwa setelaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani, nayo ilituma vipimo vyake duniani kwa redio. Leo kazi ya kupima na kutuma inaweza kufanywa na ubao unaoenea kiganjani. Mjini Nyeri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wametumia vihisi vya aina hii kupima kina cha maji ya mto Muringato. Mradi wa TAHMO nao umeweka vituo vya hali ya hewa katika shule mbalimbali za Kenya.

Sehemu za ubao

Ubao tunaouzungumzia una sehemu nne. Ya kwanza ni kompyuta ndogo ya chipu moja, inayofuata programu iliyopakiwa ndani yake. Ya pili ni kihisi, yaani kiungo kinachopokea habari kutoka nje. Ya tatu ni redio pamoja na antena yake. Ya nne ni betri, ambayo aghalabu husaidiwa na kioo kidogo cha sola.

Kwa upande wa mvua, kihisi kinachofaa ni kipimamvua cha vikombe pacha. Maji huingia kwenye faneli na kudondokea kikombe kimoja. Kikombe kinapojaa hupinduka kama pembea, kikamwaga maji, na mwenzake akashika zamu. Katika kila mpinduko, sumaku ndogo hupita mbele ya swichi na kuifunga kwa kufumba na kufumbua. Ubao huhesabu mipinduko hiyo. Ikiwa mdomo wa faneli una eneo la sentimita mraba 200 na kila mpinduko ni milimita 0.2 za mvua, basi kila kikombe hupinduka kwa mililita 4 za maji.

Siri ya usingizi

Kifaa cha kwanza alichokiunda mwandishi wa makala haya kilizimika siku ya pili. Hakikuwa kibovu, kilikesha. Programu yake ilikiacha macho usiku na mchana, na taa yake ndogo ya alama ilibaki ikiwaka bila mtu wa kuitazama. Kosa hilo ndilo linalowapata wengi, na hesabu yake ni rahisi.

Tuchukue betri inayoweza kutoa miliampia 2,500 kwa saa moja. Ubao ukikaa macho na kutumia miliampia 50, betri hiyo itadumu saa 50 tu. Sasa tuseme ubao unalala na kutumia miliampia 0.02, kisha kila baada ya dakika 15 unaamka kwa sekunde 2 na kutumia miliampia 80 kutuma habari. Wastani wake huwa takriban miliampia 0.2, na betri ileile hutosha saa 12,500, yaani siku 520 hivi. Kwa vitendo muda huo hupungua, kwa kuwa joto na umri huidhoofisha betri. Hata hivyo, tofauti kati ya siku mbili na zaidi ya mwaka imeletwa na usingizi peke yake.

Je, mvua ikinyesha ubao ukiwa umelala? Swichi ya kipimamvua huunganishwa na mguu maalumu wa chipu ambao husikia hata usingizini. Kikombe kinapopinduka, chipu huamka, huongeza moja katika hesabu yake, na kulala tena papo hapo. Redio huachwa ilale mpaka zamu ya kutuma ifike.

Kazi ya mezani

Kifaa kisipelekwe shambani kabla ya kujaribiwa mezani kwa mpangilio ufuatao.

Kwanza, antena ifungwe kabla ya kuwasha umeme. Redio inayotuma bila antena inaweza kuungua.

Pili, ubao uunganishwe na kompyuta kwa kebo, kisha ipakiwe programu fupi ya kuwasha na kuzima taa. Wengi hutumia programu ya Arduino, iliyoanzia mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005. Taa ikimetameta, njia kati ya kompyuta na ubao i salama.

Tatu, kihisi kipimwe. Kwa kipimamvua tulichokitaja, mililita 400 za maji zikimiminwa polepole zinapaswa kuleta mipinduko 100. Ikitokea mipinduko 90, skrubu zilizo chini ya vikombe zirekebishwe.

Nne, redio ijaribiwe. Teknolojia ya LoRa, iliyobuniwa Ufaransa, hufaa kwa kuwa hutuma habari chache kwa umbali wa kilomita kadhaa kwa umeme kidogo. Nchini Kenya hutumia hasa eneo la megahezi 868. Ubao uliotengenezwa kwa soko la Marekani, wa megahezi 915, usinunuliwe. Ni vyema pia kuthibitisha kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Tano, usingizi uongezwe mwishoni, na umeme upimwe kwa mita wakati ubao umelala.

Kazi ya uwanjani

Marafa ina masharti yake. Mawimbi ya redio hayapenyi ukuta wa udongo, kwa hiyo kifaa kisiwekwe chini korongoni bali juu, mahali ambapo antena inaelekeana na kituo cha kupokelea bila kizuizi. Wakati huohuo kisisogezwe ukingoni, kwani ukingo huo humomonyoka. Kipimamvua kiwe mbali na mti kwa angalau mara mbili ya urefu wa mti wenyewe. Betri ikae kivulini ndani ya kisanduku cheupe kisichopitisha maji. Faneli ifunikwe kwa wavu, isafishwe majani na wadudu kila mwezi. Faneli iliyoziba huripoti kiangazi wakati mvua inanyesha.

Suala la lugha

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Baadhi ya watu huita kiungo cha kupimia "sensa", lakini kwa msikilizaji wa kawaida sensa ni kuhesabiwa kwa watu. Neno "kihisi" limeundwa kutokana na kitenzi hisi, na kiambishi ki- kinaonyesha kwamba ni kifaa. Hata asiyewahi kulisikia hulikisia.

Neno "masafa" lina hatari zaidi. Hutumika kwa umbali, na hutumika pia kwa namba ya mawimbi ambayo redio hutegeshewa. Mtunzaji akipigiwa simu na kuambiwa "badilisha masafa", anaweza kung'oa mlingoti na kuusogeza, kumbe alitakiwa kubadilisha namba kwenye programu. Kwa sababu hiyo makala haya yametumia "umbali" kwa maana ya kwanza, na kwa maana ya pili yametaja megahezi. Mwandishi wa maelekezo achague neno moja kwa maana moja, na asilibadilishe njiani kwa ajili ya kupamba lugha.

Kinyume chake, maneno "kulala" na "kuamka" hayahitaji istilahi mpya. Ukimwambia mtunzaji kwamba kifaa kikilala hakisikii amri, na kwamba amri ingoje mpaka kiamke kutuma habari, atakuelewa mara moja.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ubao wa vihisi hudumu kwa kutumia umeme kwa kiasi na kupumzika kwa wakati. Matajiri wa Nyari walimezwa na ardhi kwa israfu; kifaa nacho huzimika kwa israfu. Lakini hata kilichoundwa vizuri kitakuja kuziba, au betri yake kuisha, na siku hiyo fundi huenda yuko Mombasa. Atakayekuwa karibu ni mkulima, mwalimu au mwanafunzi wa Marafa. Akiwa na ukurasa mmoja wa maelekezo ya Kiswahili yanayoeleweka, vipimo vya mvua vitaendelea. Asipokuwa nao, kisanduku kitabaki juu ya mlingoti kimya, na msimu utapita bila kupimwa. Kuuandika ukurasa huo ni kazi ambayo vyama vyetu vya Kiswahili vinaweza kuianza sasa.